Swali la "mbona hukupiga kelele?" litoke kituoni: barua ya wazi kwa wenye dhamana

Kwa Mkuu wa Jeshi la Polisi Tanzania (IGP). Mkurugenzi wa Mashtaka. Waziri wa Afya. Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalumu. Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia.

YAH: UPINZANI WA MWATHIRIKA KATIKA KESI ZA UBAKAJI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Kazi yangu kubwa ni kusindikiza: kutoka nyumbani hadi Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, kutoka dawatini hadi hospitali na PF3, fomu ya polisi ya matibabu, mkononi, kisha mahakamani, tarehe baada ya tarehe. Nawaandikia kwa sababu ya swali moja linalomwandama kila mwanamke na kila binti ninayemsindikiza. Mpelelezi analiuliza, daktari analiuliza, wakili wa utetezi analirudia, na hata mama mzazi hulinong'ona usiku. Mbona hukupiga kelele? Mbona hukumng'ata, mbona hukukimbia, mbona huna hata mchubuko?

Nianze na sheria, maana hapo hatuna la kubishania. Bunge lilipopitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, ile wengi tunayoiita SOSPA, liliandika upya kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu. Ndani yake, kwenye kijifungu cha 4(b), limo jambo ambalo kila askari wa dawati angepaswa kulijua kwa moyo: ushahidi wa upinzani, kama vile majeraha mwilini, si wa lazima ili kuthibitisha kwamba tendo lilifanyika bila ridhaa. Sheria ya Ushahidi nayo inairuhusu mahakama kumtia mshtakiwa hatiani kwa maneno ya mwathirika peke yake, ilimradi iridhike kwamba anasema kweli na iandike sababu zake. Na Mahakama ya Rufani, katika uamuzi uliomo kwenye ripoti za sheria za 2006 na unaonukuliwa karibu kila kesi ya aina hii, ilisema ushahidi wa kweli wa ubakaji ni ule unaotoka kwa mwathirika mwenyewe.

Mwaka huohuo wa 1998, tarehe 2 Septemba, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilitoa hukumu yake dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ya Taba. Ilitolewa Arusha, kwenye ardhi yetu. Wanawake wa Kitutsi waliokimbilia ofisi ya wilaya wakitafuta hifadhi walibakwa pale, na walisafiri hadi Tanzania kuja kueleza. Majaji walikataa kupima ubakaji kwa nguvu aliyotumia mwanamke kujitetea. Walisema shuruti si lazima ionekane kwa mabavu. Vitisho, kuogofya, kumbana mtu kwa kutumia shida yake, vyote ni shuruti, na mazingira yenyewe yanaweza kuwa shuruti tosha. Hukumu hiyo inafundishwa kwenye vyuo vya sheria duniani kote. Ilisomwa Arusha, na leo binti wa Arusha bado anaulizwa kama alipiga kelele.

Nieleze tukio moja. Sitataja kituo wala mkoa. Binti alikuwa na miaka 16, mwanafunzi wa kidato cha tatu, na mtuhumiwa ni mtu aliyekuwa akiingia na kutoka nyumbani kwao kama ndugu. Askari aliyemhoji hakuwa mkatili. Alimkaribisha kiti, akamletea maji. Kisha akauliza: "Majirani wako upande wa pili wa ukuta. Ulishindwaje kupiga kelele?" Binti akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema: "Nilitaka. Sauti ikakataa. Hata mikono ilikuwa kama si yangu." Askari akaandika maneno mawili kwenye maelezo: hakupiga kelele. Yale mengine, ya sauti kukataa na mikono kuwa kama si yake, hayakuandikwa. Miezi kadhaa baadaye, mahakamani, wakili wa utetezi aliyasoma maneno yale mawili kwa sauti, mara mbili, na binti hakuwa na pa kushika, kwa sababu sehemu iliyobaki ya jibu lake haikuwahi kuingia kwenye karatasi.

Waheshimiwa, kisheria swali lile halikuwa na kazi yoyote. Kwa aliye chini ya miaka 18 na asiye mke wa mtuhumiwa, kifungu hichohicho cha 130 hakijali kama aliridhia au hakuridhia. Apige kelele, asipige, kosa ni lilelile. Bado aliulizwa, na jibu likamgeukia.

Kilichompata binti yule kinajulikana kitaalamu. Mwili huganda. Mtu yuko macho, anaona, anasikia, lakini misuli haimtii na sauti haitoki. Wanasayansi waliichunguza hali hii kwanza kwa wanyama walionaswa na adui pasipo njia ya kutoroka, kisha wakaikuta kwa binadamu. Haitokani na uamuzi, kwa hiyo hakuna wa kumuuliza kwa nini aliamua hivyo. Mwaka 2017 Anna Möller na wenzake wawili walichapisha utafiti uliofanyika kwenye kliniki ya dharura ya wanawake waliobakwa jijini Stockholm. Walizungumza na wanawake 298 waliofika ndani ya mwezi mmoja baada ya tukio. Asilimia 70 walieleza kuganda kwa kiwango kikubwa. Asilimia 48 waliganda kwa kiwango cha juu kabisa.

Ina maana kwamba katika kundi lile, aliyeganda ndiye alikuwa wa kawaida, na asiyeganda ndiye alikuwa wachache. Sasa tazameni jinsi majalada yetu yanavyoandikwa. Tunamchukulia aliyepiga kelele kuwa ndiye mwathirika kamili, na yule aliyeganda, ambaye kwenye utafiti ni wengi, tunamwekea alama ya kuuliza.

Kuna jambo jingine kwenye utafiti ule ambalo linaniuma zaidi. Wanawake waliokuwa wamewahi kupatwa na mkasa mzito huko nyuma ndio walioelekea zaidi kuganda. Fikirieni maana yake hapa kwetu, ambako utafiti wa taifa wa ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mtoto aliyeumizwa akiwa na miaka tisa akaja kuumizwa tena akiwa na ishirini ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuganda mara ya pili, na kwa sababu ameganda, ana uwezekano mdogo zaidi wa kuaminiwa. Mfumo wetu unamwadhibu kwa jeraha la kwanza ambalo pia hakuna aliyelishughulikia. Na tusisahau wavulana. Nao huganda, na aibu inayowaziba midomo ni nzito mno, kwa kuwa jamii inaamini mwanamume hawezi kukosa nguvu za kujitoa.

Hadi hapa nadhani wengi wenu mnakubaliana nami. Sehemu inayofuata ni ngumu zaidi, hasa kwa wenzangu tunaotetea manusura, kwa sababu tumezoea kuikwepa.

Kupambana kunasaidia. Utafiti unasema hivyo na hatuna sababu ya kuuficha. Sarah Ullman wa University of Illinois jijini Chicago amelichunguza suala hili kwa miongo mitatu na zaidi, na picha inayojirudia kwenye kazi yake ni kwamba wanawake wanaopiga mayowe, wanaokimbia au wanaopigana kwa nguvu hukwepa ubakaji kukamilika mara nyingi zaidi kuliko wale wanaobembeleza, kulia au kujaribu kumweleza mshambuliaji ili apate huruma. Jongyeon Tark na Gary Kleck walichambua takwimu za kitaifa za waathirika wa uhalifu nchini Marekani za kuanzia 1992 hadi 2002, na kwenye makala yao ya 2014 walifikia hitimisho hilohilo: upinzani hupunguza uwezekano wa tendo kukamilika, na kwa kawaida hauongezi hatari ya kuumizwa zaidi.

Hilo la mwisho lataka maelezo, maana mtaani tunawaambia mabinti kinyume chake: nyamaza, usije ukauawa. Ushauri huo ulikuwa na sura ya utafiti hapo zamani. Ukihesabu tu, utakuta waliopigana wana majeraha mengi zaidi. Lakini ukiuliza kipi kilitangulia, picha inabadilika. Mara nyingi kipigo kilikuja kwanza, na mwanamke akapigana kwa sababu tayari alikuwa anapigwa. Mshambuliaji mkali zaidi ndiye aliyeleta vyote viwili, jeraha na upinzani. Watafiti walipoanza kufuatilia mpangilio wa matukio, ile hofu kwamba kupigana ndiko kunakoleta kipigo ilipungua sana. Hizi ni hesabu za watu wengi, na hakuna anayeweza kuzitumia kumwambia mtu mmoja, katika chumba kimoja, mbele ya panga, kwamba angefanya hivi au vile. Yeye pekee ndiye aliyekuwa mle.

Basi tunashika matokeo mawili mkononi. Wengi huganda bila kutaka. Wanaoweza kupambana huokoka mara nyingi zaidi. Anayeyasoma haraka ataona yanapingana, na wapo mawakili wa utetezi watakaolibeba la pili na kuliacha la kwanza. Mimi naona yanatuelekeza mahali pamoja. Elimu ya kujihami ina faida kabla ya tukio, kwa sababu mazoezi humpa mtu nafasi ya kuitika mapema, kabla mwili haujafika hatua ya kuganda. Baada ya tukio, alichofanya au asichofanya mwathirika hakituambii lolote kuhusu ridhaa yake. Nchi yetu imefanya kinyume kabisa. Shuleni hatumfundishi binti hata dakika moja namna ya kusema hapana kwa sauti ya amri, namna ya kung'amua hatari inayotoka kwa mtu anayemjua, wala mahali pa kumpiga mshambuliaji. Kisha kituoni tunamtahini kwenye somo ambalo hatukumfundisha.

Tunao mfano wa jirani. Kwenye mitaa ya mabanda ya Nairobi wasichana wa sekondari walifundishwa kujihami kwa saa mbili kila wiki, kwa wiki sita, na wakufunzi Wakenya. Somo lilianza na maneno: kuweka mipaka, kupaza sauti, kutazama mtu usoni na kumwambia aondoe mkono wake. Ngumi na goti vilikuja baadaye, kwa pale maneno yanaposhindikana. Utafiti uliochapishwa 2013 ulionyesha kwamba kiwango cha wasichana walioshambuliwa kingono kwa mwaka kilishuka kutoka asilimia 24.6 hadi asilimia 9.2 miezi kumi baadaye, wakati kundi la kulinganisha, lililopata somo la kawaida la stadi za maisha, lilibaki karibu palepale. Zaidi ya nusu ya waliofundishwa walisema wametumia walichojifunza kumzuia mshambuliaji. Utafiti mkubwa zaidi uliofuata, wa 2014, ulionyesha kushuka kutoka mashambulizi 17.9 hadi 11.1 kwa kila wasichana 100 kwa mwaka, na pia kwamba wasichana walioshambuliwa walikuwa wepesi zaidi wa kumweleza mtu. Katika mitaa hiyohiyo wavulana nao walifundishwa, kuhusu heshima na kuhusu kuingilia kati wanapoona mwenzao anamsumbua msichana.

Tafiti zile zina mipaka. Wasichana walijieleza wenyewe, na vikundi havikugawanywa kwa kura. Huko Canada washiriki waligawanywa kwa kura. Charlene Senn na timu yake waliwachukua wanafunzi wa kike 893 wa mwaka wa kwanza kwenye vyuo vikuu vitatu. Nusu wakapata mafunzo ya saa kumi na mbili, nusu wakapewa vipeperushi tu. Mwaka mmoja baadaye, waliobakwa kati ya waliofundishwa walikuwa asilimia 5.2, na kwa wale wa vipeperushi asilimia 9.8. Majaribio ya ubakaji yalikuwa asilimia 3.4 dhidi ya 9.3. Somo lile lilitumia muda mrefu kwenye jambo ambalo kwetu ndilo zito kuliko yote, yaani jinsi ilivyo vigumu kumpinga mtu unayemfahamu. Binti anaweza kumpiga mgeni kofi gizani. Kumpiga mjomba, mpenzi, mwalimu au kaka wa kanisani ni kazi nyingine, kwa sababu tangu utotoni amefunzwa kutomwaibisha mkubwa. Waliofundishwa Canada, zaidi ya kuwa salama zaidi, walipunguza pia imani za kumlaumu mwanamke kwa yaliyompata. Nalisisitiza hili kwa wale wenzangu wanaohofia kwamba kufundisha kujihami ni kumbebesha binti mzigo wa mbakaji. Likifundishwa vizuri, somo linamwondolea mzigo huo.

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, naomba wizara yako ianze na wilaya chache, shule zipangwe kwa kura ziingie mwaka huu au mwaka ujao, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kipewe kazi ya kupima. Walimu wa ushauri na unasihi tayari wapo. Wavulana wasiachwe nje ya darasa. Na iandikwe kwenye mwongozo, kwa herufi nzito, kwamba kuhudhuria mafunzo haya kusitumike kamwe dhidi ya mwanafunzi mahakamani. Siku atakapotokea wakili wa kuuliza "ulifundishwa, mbona hukutumia?", hakimu awe na mahali pa kumkatia.

Mheshimiwa IGP, nakuomba waraka mmoja kwa madawati yote. Askari aache kuuliza kama mlalamikaji alipiga kelele kwa namna ya kumtuhumu, na aanze kuuliza: ulihisi nini mwilini mwako, uliweza kusogea, sauti ilitoka? Jibu liandikwe lote, kwa maneno ya mlalamikaji mwenyewe. Kwenye kesi ya binti yule wa kidato cha tatu, mistari miwili ya ziada ingetosha. Hakuna bajeti inayohitajika kwa hilo. Inahitajika nusu siku ya mafunzo, na msimamizi anayesoma maelezo kabla hayajaingia kwenye jalada.

Mkurugenzi wa Mashtaka, mawakili wako wa serikali wanakijua kifungu cha 130(4)(b), lakini mara nyingi nimekaa mahakamani nikisubiri mmoja wao asimame na kukitaja pale hoja ya mchubuko inapoibuliwa, nisimwone akisimama. Kitajwe mapema, kwenye maelezo ya awali ya kesi, kabla upande wa pili haujaanza kuhesabu mikwaruzo. Panapohitajika, aitwe daktari wa akili au mwanasaikolojia aieleze mahakama kuganda ni nini. Sioni kwa nini mtaalamu wa vinasaba aitwe na mtaalamu wa kiwewe asiitwe. Nilitamani pia kuzungumzia wake za watu, ambao sheria yetu inawaacha nje isipokuwa kama wametengana na waume zao. Hilo ni kubwa na linastahili barua yake.

Mheshimiwa Waziri wa Afya, nimekuweka mwisho kwa kuwa kwako ndiko ninakoona watu wanapotea kimya kimya. PF3 ndiyo fomu ileile anayopewa mtu aliyepigwa kwenye ugomvi wa baa au kugongwa na bodaboda, na daktari aliyezoea kuitumia hivyo hutafuta jeraha. Asipoliona anaandika "hakuna majeraha" na kusaini. Ni kweli alichokiona, lakini mbele ya mahakama mstari huo husomeka kama "hakubakwa". Naomba madaktari waelekezwe kuongeza sentensi moja chini yake: kutokuwepo kwa majeraha hakuondoi uwezekano wa kubakwa. Waathirika wengi hawana jeraha lolote la kuonekana, na kila daktari anayefanya kazi hii analijua hilo.

Kuna na lile la baada ya dawa. Kwenye vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako mwathirika hupata huduma zote mahali pamoja, nimeona kazi nzuri ikifanyika ndani ya saa 72 za kwanza: dawa za kuzuia VVU, kinga ya mimba, vipimo, faili kufunguliwa. Baada ya hapo faili hulala. Turudi Stockholm: kati ya wanawake 189 waliofuatiliwa hadi mwezi wa sita, asilimia 38 walikuwa na ugonjwa wa kiwewe na asilimia 22 walikuwa na sonona kali, na walioganda siku ya tukio ndio waliokuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya yote mawili. Yaani swali lilelile la mwili kuganda, ambalo polisi wanalitumia kumtilia shaka, lingeweza kumwambia muuguzi ni nani wa kumpigia simu kwanza. Liulizwe kituoni kwako siku ya kwanza, kwa upole, liandikwe kwenye faili, na aliyejibu ndiyo apangiwe tarehe ya kurudi mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita, kwa nauli ya kituo kama hana. Binti niliyemweleza hapo juu hakupangiwa tarehe yoyote. Ameacha shule. Bado naweza kumpata, na mkiwa tayari kumpokea nitamleta mwenyewe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Msaidizi wa kisheria